Mwani ukijaa tangini, anza kwenye kopo la chakula

Tangi jipya la matumbawe hupendeza sana majuma mawili ya mwanzo. Mawe meupe, mchanga mweupe, maji yanang'aa chini ya taa ya buluu, na mgeni akiingia sebuleni macho yanakwenda huko moja kwa moja. Juma la tatu au la nne mchanga unaanza kupiga ukahawia. Kioo kinaota utelezi. Kisha kwenye ncha ya jiwe lililo karibu zaidi na taa zinachomoza nyuzi fupi za kijani, na kabla mwezi mwingine haujaisha nyuzi hizo zimerefuka, zinapepea na mkondo wa pampu, zimefunika jiwe zima na zimeanza kuyakaba matumbawe ambayo mwenyewe aliyanunua kwa bei ya kuumiza.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Muulize mtu aliyeuza tangi lake la maji chumvi pamoja na vifaa vyote kwa nini aliliacha, na huenda jibu likawa hilo hilo: mwani. Muulize alifanya nini kuuzuia, atakutajia chupa za dawa, moja baada ya nyingine.

Ninalotaka kulitetea hapa ni kwamba mwani wa tangini ni suala la chakula kwanza. Dawa huja mwisho kabisa, na mara nyingi haihitajiki. Kila uzi wa kijani unaouona umejengwa kwa kitu kilichopita mikononi mwa mwenye tangi: chakula cha samaki, maji ya kujazia, jiwe lililookotwa likiwa limeshiba uchafu. Asiyejua kilichoingia atapigana na kilichoota mpaka achoke.

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia sumu. Tumbawe lenyewe linaishi kwa mwani. Ndani ya nyama yake kuna mwani wa chembe moja, mamilioni kwa mamilioni, unaopata makazi humo na kulilipa tumbawe kwa chakula unachokitengeneza kwa mwanga. Joto la bahari linapopanda kupita kiasi, kama lilivyopanda mwaka 1998 magharibi mwa Bahari ya Hindi, tumbawe huutoa mwani huo, likabaki jeupe, na lisipoupata tena hufa. Kwa hiyo anayefuga matumbawe ni mkulima wa mwani, apende asipende. Wa ndani anauhitaji, wa nje unamharibia, na yote miwili inataka mwanga na mbolea ya aina moja. Sumu ya kuua huu bila kuugusa ule ni adimu sana.

Hesabu ya gramu moja

Mbolea hiyo ni nitrati na fosfati. Samaki hula, kisha hutoa amonia. Bakteria walioko kwenye mawe na mchanga huigeuza amonia kuwa nitriti, halafu nitrati. Fosfati huja na chakula chenyewe. Katika maji ya mwamba ulio salama baharini, fosfati huwa karibu miligramu 0.02 kwa lita au chini ya hapo, na nitrati huwa sehemu ndogo tu ya miligramu.

Sasa chukua chakula kikavu cha samaki, kile cha punje au vipande vyembamba. Takriban asilimia 1 ya uzito wake ni fosforasi. Gramu moja ina miligramu 10 za fosforasi, ambazo majini ni sawa na miligramu 30 hivi za fosfati. Itie gramu hiyo kwenye tangi la lita 200, na tuchukulie kwamba hakuna kinachotoka: umeongeza miligramu 0.15 katika kila lita. Kwa mlo wa siku moja umetia fosfati zaidi ya mara saba ya ile inayokutwa katika maji ya mwamba. Kesho unatia nyingine, na keshokutwa.

Bila shaka si yote inayobaki majini. Nyingine hujenga miili ya samaki, nyingine huchukuliwa na matumbawe, nyingine hunaswa na mawe, kwa kuwa jiwe la chokaa huivuta fosfati na kuishika. Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Wanapima maji, kipimo kinaonesha karibu sifuri, na huku mwani unazidi kunenepa mbele ya macho yao. Wanadhani kipimo kimeharibika. Kipimo ni kizima. Maji yanaonekana safi kwa sababu mwani umekwisha kula kilichokuwemo. Na jiwe lililoshiba fosfati kwa miaka litaendelea kuirudisha majini kila maji yanaposafishwa, polepole, kwa miezi kadhaa. Mwenye jiwe kuukuu la kununua kwa mtu asitarajie ushindi wa wiki mbili.

Basi hatua ya kwanza haiuzwi dukani. Punguza kiasi, usipunguze utu: samaki wapewe kile watakachokimaliza ndani ya dakika moja au mbili, kidogo kidogo, na punje zisiachwe zikazama nyuma ya mawe. Chakula kilichogandishwa kiyeyushwe kwenye chujio la chai, yale maji yake ya kutiririka yamwagwe, kiingie nyama tupu. Kumshindisha samaki njaa ili kuukomoa mwani ni ukatili, tena haukomeki hivyo.

Kubadilisha maji kunasaidia, lakini watu hukupa kazi kubwa kuliko uwezo wake. Nitrati ikiwa miligramu 50 kwa lita, ukabadilisha asilimia 10 ya maji, imebaki 45. Chakula cha juma lijalo kinazirudisha zile 5. Anayetegemea ndoo peke yake atabeba ndoo maisha yake yote.

Maji ya kujazia yana hatari yake. Tangi linapoteza maji kila siku kwa kukauka, na kinachokauka ni maji matamu. Chumvi hubaki, pamoja na kila kitu kingine kilichokuwemo. Mwenye nyumba anajaza kwa bomba au kisima. Katika miji yetu ya pwani visima vifupi vingi vina nitrati inayopenya kutoka vyooni, na maji mengi ya ardhini huja na silika, ambayo ndiyo inayojenga ule ukahawia wa majuma ya mwanzo. Maji ya kujazia na ya kuchanganyia chumvi yapite kwenye mtambo wa kuchuja kwa shinikizo, ule wa utando, na baada yake kwenye chembe za kunasa madini, mpaka kipimo cha madini kisome sifuri. Kama kuna fedha ya kununua kifaa kimoja tu, anza na hiki kabla ya taa ya kifahari.

Aliye karibu na bahari anaweza kuchota maji ya bahari yenyewe. Lee Chin Eng wa Jakarta alifanya hivyo, akaweka mawe hai kutoka mwambani na mapovu ya hewa, na mwaka 1961 akaueleza mfumo wake katika jarida la Tropical Fish Hobbyist, wakati ambapo wafugaji wengi wa Ulaya na Marekani waliona matumbawe majumbani ni ndoto. Sharti ni mahali na saa. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto, mbali na bandari na mifereji ya mji, na si baada ya mvua kubwa. Mawe, lakini, usiyabomoe mwambani. Matumbawe magumu yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na maeneo kama Malindi na Watamu yamehifadhiwa tangu 1968, Chumbe tangu 1994. Mtu anayeupenda mwamba kiasi cha kuuweka sebuleni hawezi kuanza kwa kuuvunja.

Ujue kabla ya kuugusa

Neno mwani hufunika viumbe vingi, na dawa ya huu ni chakula cha ule. Ule unga wa kahawia wa mwanzo ni diatomu. Huota kwenye tangi jipya, hula silika, ikiisha hupotea wenyewe. Usifanye lolote zaidi ya kufuta kioo. Watu huharibu tangi changa kwa kulitia dawa ya kitu ambacho kingeondoka bila kuguswa.

Utando mwekundu wa zambarau unaojibandua kwa vipande, wenye mapovu chini yake na harufu ya uozo, ni sianobakteria. Huota mahali mkondo ulipo hafifu na mabaki yametuama. Unyonye kwa mpira, elekeza pampu pale ulipokuwa, na fanya hivyo kila unaporudi.

Mwani wa mapovu, Valonia, ni vidonge vya kijani vinavyong'aa, vigumu kidogo vikishikwa, vinavyojibana kwenye nyufa za mawe. Kitoe kidonge kizima kwa kukisukuma kwa ukucha au bisibisi, jiwe likiwa nje ya tangi ikiwezekana.

Nyuzi za kijani zina kabila zaidi ya moja. Derbesia ni laini, ukiitoa majini inalala na kunywea mkononi. Cladophora ni ngumu, yenye matawi na kukwaruza. Bryopsis ina umbo la unyoya, mshipa katikati na vinyweleo pande mbili, na wanyama wengi hawaili. Shika uzi mmoja, utazame juani kwa kioo cha kukuzia kabla ya kutoa fedha kununua chochote. Dakika tano za kutazama zinaokoa miezi ya kubahatisha.

Kuna na rangi ya kufurahia. Madoa magumu ya waridi na zambarau yanayotambaa juu ya mawe na kioo cha nyuma ni mwani wa chokaa, na pale ulipotanda mwani wa nyuzi hupata shida kushika. Baharini huo ndio unaoufunga mwamba usimomonyoke kwa mawimbi. Ukiuona unaenea, tangi lako linakomaa.

Kazi ya vinywa

Bahari ina mbolea kidogo, lakini hilo pekee halielezi kwa nini mwamba wenye jua kali mwaka mzima haugeuki kuwa konde la mwani. Jibu ni vinywa. Saa zote kuna kitu kinachokwangua, kinachong'ata, kinachochuma. Somo kubwa la jambo hili dunia ililipata Jamaica, kwa gharama ya kuhuzunisha.

Huko samaki wala mwani walikuwa wamevuliwa kwa miaka mingi mpaka wamekwisha wakubwa wote. Kazi yao ilimwangukia Diadema antillarum, yule mnyama wa duara mwenye miiba mirefu myeusi, ndugu wa wale wanaowachoma watu nyayo kwenye fukwe zetu maji yakitoka. Usiku kucha alikuwa akikwangua mawe. Mwaka 1980 kimbunga Allen kilivunja matumbawe mengi, lakini mawe yalibaki safi na matumbawe machanga yakaanza kushika. Mwaka 1983 ugonjwa ukazuka karibu na Panama, ukasambaa katika bahari ya Karibi ndani ya mwaka mmoja hivi na kuua zaidi ya asilimia 90 ya wanyama hao. Hapo hapakuwa na mwingine wa kushika zamu. Mwanasayansi Terry Hughes alichapisha hesabu yake katika jarida la Science mwaka 1994: matumbawe hai ya Jamaica yalikuwa yameshuka kutoka zaidi ya asilimia 50 mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi chini ya 5, na mwani ulikuwa umepanda kutoka asilimia 4 hadi 92.

Kila tangi lililozidiwa na mwani ni Jamaica ndogo. Mawe yapo, mwanga upo, chakula kipo tele, mlaji hayupo.

Kwetu mambo yalijionesha kwa upande wa pili. Tim McClanahan, aliyetafiti miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, alionesha kuwa samaki aitwaye kikande, ambaye huvunja na kula wanyama hao wa miiba, akivuliwa kupita kiasi wao huzaana mno, wakakwangua mwani na kisha wakaanza kuumomonyoa mwamba wenyewe. Ndiyo maana simshauri mtu anunue jeshi la walaji kwa siku moja. Vinywa vilingane na malisho. Konokono thelathini kwenye tangi la lita 100 watalisafisha kwa juma moja, watakosa chakula, watakufa mmoja mmoja nyuma ya mawe, na miili yao itakuwa mbolea.

Anza na konokono wa kundi la Trochus. Wanakwangua kioo na mawe vizuri, na wakianguka chali wengi hujigeuza wenyewe. Turbo ni mlaji hodari zaidi wa nyuzi ndefu, lakini ni mzito, huangusha matumbawe ambayo hayajagandishwa. Dolabella, konokono mkubwa asiye na gamba la nje, anayepatikana pia katika maji yetu, anaweza kumaliza nyuzi za tangi zima. Baada ya hapo hana cha kula, kwa hiyo aazimwe kwa jirani na arudishwe, asinunuliwe akafe kwa njaa.

Katika samaki, pwani nzima inawajua wala mwani wakuu: kangaja, tafi na pono. Pono hafai tangini, atang'ata mawe na matumbawe. Kangaja anafaa sana, na samaki huyu ndiye hazina ya Bahari ya Hindi: yule wa buluu mwenye uso mweusi na pezi la njano mgongoni, Acanthurus leucosternon, anatamaniwa na wafugaji wa dunia nzima. Kwa miongo kadhaa wapiga mbizi wa pwani ya Kenya wamekuwa wakivua samaki wa mapambo walio hai, na wengi wao huishia kwenye sebule za Ulaya na Marekani. Lakini kangaja ni samaki wa masafa. Kumweka kwenye tangi la lita 150 eti ale mwani ni kumfunga jela, atazunguka kwa wasiwasi, atatoka madoa meupe ya ugonjwa na kufa. Asiye na tangi la lita 400 na zaidi amwache. Tafi naye ni mlaji asiyechagua sana, ila miiba yake ina sumu, na kila mvuvi atakueleza maumivu yake yalivyo. Usitie mkono bila kujua alipo.

Kisha kuna jambo ambalo wauza samaki hawalisemi. Mlaji haondoi mbolea tangini. Anaibadilisha umbo tu. Mwani ulioliwa asubuhi unatoka jioni upande wa pili, na usipochukuliwa unaota upya mahali pengine.

Kinachoingia lazima kitoke

Njia kongwe na ya uhakika ya kutoa ni chombo cha povu. Pampu huvunja hewa kuwa mapovu madogo mno ndani ya bomba la maji. Mafuta, protini na uchafu mwingine hujibandika kwenye ngozi ya kila povu, hupanda nayo, na kumwagika kwenye kikombe cha juu. Ukiona maji ya kikombe hicho, meusi mithili ya chai ya rangi iliyochemka sana, na ukayanusa, hutahitaji hoja nyingine. Hayo yote yalikuwa njiani kuwa nitrati na fosfati. Kikombe kioshwe mara kwa mara, maana shingo yake ikishika mafuta mapovu hayapandi tena.

Njia ya pili naipenda zaidi, kwa sababu inautumia mwani wenyewe. Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian, Washington, mwanzoni mwa miaka ya 1980 alijenga mwamba mdogo ndani ya jengo na kuulinda kwa wavu ulioota mwani chini ya taa kali, maji yakiupiga kwa mawimbi. Mwani ulikua pale kwa kasi kuliko penginepo, ukanyonya mbolea, kisha ukakwanguliwa na kutupwa. Leo wafugaji wengi hufanya hivyo kwa urahisi zaidi: chini ya tangi kuu huweka chumba kidogo chenye Chaetomorpha, mwani wa nyuzi ngumu zilizojisokota, usioshika mawe wala kutoa mizizi. Taa yake huwashwa usiku tangi kuu likiwa gizani. Kila juma au mawili unang'oa nusu ya fungu na kuitupa. Unapoutoa mkononi, mzito na ukichuruzika, umeshika chakula cha mwezi uliopita.

Chembe za oksidi ya chuma hunasa fosfati haraka. Zitumiwe kwa kiasi kidogo na kupimwa kila siku chache, kwa sababu fosfati ikiporomoka ghafla matumbawe huungua ncha na kupauka. Wapo pia wanaotia siki au vodka kwa mililita chache ili kuwalisha bakteria kaboni; bakteria huzaana, huchukua nitrati na fosfati, nao hutolewa na chombo cha povu. Inafanya kazi. Lakini bakteria hao hula pia oksijeni, na mahali ambapo umeme hukatika usiku wa manane bila taarifa, dozi iliyozidi na pampu zilizozimika vinaweza kuua kila samaki kabla ya alfajiri. Asiye na pampu ya hewa ya betri asithubutu.

Na hapa nisisitize, kwa sababu ni kosa la watu wenye bidii: usizipeleke nitrati na fosfati sifuri. Tangi lililonyang'anywa vyote viwili hufungua mlango kwa dinoflajeleti, kamasi za kahawia zenye mapovu kwenye ncha, zinazopungua usiku na kurudi mchana, na nyingine zina sumu inayoua konokono. Kilichokuwa kikizizuia ni ushindani wa viumbe wengine, na hao wamekufa njaa. Dawa yake ni kinyume cha kila kilichosemwa: acha kubadilisha maji, toa chembe za chuma, ongeza chakula, rudisha nitrati kwenye 5 hivi na fosfati kwenye 0.05 hadi 0.1. Aina zinazoelea majini usiku hupungua pia kwa taa ya miale ya urujuanimno. Kwa tangi la kawaida la nyumbani, nitrati kati ya 2 na 10 na fosfati kati ya 0.03 na 0.1 zinatosha kabisa. Matumbawe nayo yanakula.

Asubuhi ya Jumamosi

Hata hesabu ikisawazishwa, mwani uliokwisha kuota hautajing'oa. Hapo inatakiwa mikono, na kwa maoni yangu hakuna kazi ya tangi yenye faida ya haraka kuliko hii. Zima pampu. Chukua mswaki mgumu na mpira mwembamba wa kunyonya, mdomo wa mpira ukiwa umefungwa sambamba na mswaki kwa uzi. Zungusha mswaki kwenye fungu la nyuzi mpaka zijisokote juu yake, kisha vuta taratibu, huku mpira ukinyonya vipande vinavyokatika kuelekea kwenye ndoo iliyofunikwa soksi ya kuchujia. Usisugue ovyo maji yakiwa yanazunguka, maana kila kipande kinachopeperuka kinaweza kushika jiwe jingine. Jiwe linaloweza kutoka litolewe na kusuguliwa kwenye ndoo ya maji ya bahari, lisuuzwe, lirudi. Rudia kila juma. Ng'oa kwanza, kisha walete konokono: wao hawawezi nyuzi za kidole kizima, lakini vichipukizi vya milimita mbili huvimaliza.

Taa nazo zipunguzwe. Saa 8 kwa siku zinatosha, na tangi lisikae mahali jua la dirishani linapolipiga.

Kuhusu dawa, moja nitaitaja kwa kuwa ina kazi maalumu. Bryopsis, ile ya unyoya, hushindwa na flukonazoli, vidonge vya kutibu fangasi kwa binadamu, kwa kiasi cha miligramu 5 hivi kwa lita, na majani hupauka ndani ya majuma mawili au matatu. Iwe ni baada ya kuhakikisha kweli ni Bryopsis, na baada ya kung'oa kilichong'oka. Na ikumbukwe kwamba dawa hiyo hiyo inawaokoa wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi, hasa wanaoishi na VVU. Asiende mtu kumaliza shubaka la duka la dawa la mtaani kwa ajili ya mawe.

La hatari kuliko yote ni kuchemsha. Mtu aliyechoshwa na jiwe lenye mwani huona njia fupi ni sufuria na maji ya moto. Kwenye mawe hayo huenda kuna Palythoa, jamaa laini na wadogo wa matumbawe wenye sumu ambayo ni miongoni mwa sumu kali kabisa za viumbe wa baharini. Mvuke wake ukivutwa, huleta homa, kifua kubana na kukosa pumzi. Familia nzima zimelazwa hospitalini Ulaya, Marekani na Australia kwa sababu hiyo. Kuyasugua kwa nguvu yakiwa makavu ni hatari pia. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha, watoto wakae mbali, na jiwe usilichemshe kamwe.

Mwani unakwenda wapi

Limebaki fungu lililoko kwenye ndoo. Mwaka 1984, chini ya Jumba la Makumbusho ya Bahari la Monaco, ilionekana sehemu ya mita moja hivi ya mraba ya Caulerpa taxifolia, mwani wa kijani uliokuwa ukipamba matangi ya jumba hilo. Aina hiyo ya matangi ilivumilia baridi, na wanyama wa Mediterania hawakuuzoea. Mtafiti Alexandre Meinesz wa Nice alipiga kelele mapema. Kuchukua hatua kulikawia. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umeenea kwenye maelfu ya hekta za sakafu ya bahari kutoka Ufaransa na Italia hadi Kroatia. Mwezi Juni 2000 aina ile ile ilikutwa kwenye wangwa wa Agua Hedionda huko Carlsbad, California. Huko hawakungoja: waliufunika kwa maturubai, wakapenyeza klorini chini yake, na mwaka 2006 wakatangaza kuwa umekwisha. Gharama ilifika takriban dola milioni 7.

Kwa hiyo msomaji unayeishi Nyali, Msasani, Mji Mkongwe au Maskati, ambaye bahari iko hatua chache kutoka mlangoni: mwani unaoung'oa tangini usiumwage ufukweni wala mferejini, hata kama unadhani ulitoka huko huko. Vivyo hivyo maji machafu ya tangi, na samaki au konokono usiowataka tena. Tangi huchanganya viumbe na magonjwa ya bahari tatu au nne. Mwani uanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha uutie kwenye takataka za nyumbani. Maji yatie klorini ya kufulia, uyaache usiku kucha, ndipo uyamwage chooni. Samaki mrudishie muuzaji, au mpe mwenye tangi mwingine.